Kutafuta uvujaji katika mfumo wa mvuke wa petroli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wenye magari na mafundi huyarudia taa ya injini inapowaka na skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ikataja uvujaji wa mvuke. Katika ukurasa huu, "valvu ya kufyonza" ni ile inayoruhusu mvuke uende kwenye injini, na "valvu ya hewa" ni ile inayoruhusu hewa safi iingie kwenye mkebe wa mkaa.

## Kuuelewa mfumo wenyewe

Mfumo huu ni nini, na kwa nini gari linao?

Petroli huvukiza muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa na injini imezimwa. Zamani mvuke huo ulitoka hewani moja kwa moja kupitia tundu la kifuniko cha tangi. Jimbo la California lilianza kuwataka watengenezaji waudhibiti kwa magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa magari ya mwaka 1971, kwa kuwa mvuke wa petroli ukichanganyika na oksidi za nitrojeni chini ya mwanga wa jua huzalisha ozoni ya karibu na ardhi, ambayo huwasha macho na kubana kifua.

Siku hizi tangi limefungwa, na mvuke wake huelekezwa kwenye mkebe uliojaa mkaa maalumu wenye vitundu vidogo visivyohesabika. Mkaa huushika mvuke. Injini ikishapata joto la kutosha, valvu ya kufyonza hufunguka, hewa safi hupita katikati ya mkaa na kuubeba mvuke hadi kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kisha mvuke huo huchomwa pamoja na mafuta mengine. Hakuna kinachopotea, na hilo peke yake ni sababu nzuri ya kuutunza mfumo huu.

Ni sehemu zipi zinazoweza kuvuja?

Kila mahali palipounganishwa. Kuna kifuniko cha tangi na raba yake, shingo ya kujazia mafuta, tangi lenyewe, oringi (raba ya duara ya kuzibia) iliyo chini ya kifuniko cha pampu ya mafuta juu ya tangi, sensa ya presha ya tangi, mabomba ya plastiki na ya mpira, mkebe wa mkaa, na valvu mbili zilizotajwa hapo juu. Mfumo huanzia chini ya boneti na kuishia nyuma kabisa ya gari, na sehemu kubwa yake imejificha juu ya tangi ambako jicho halifiki. Ndiyo maana kuutafuta uvujaji kwa kukagua tu kwa macho huchosha haraka.

Kwa nini valvu mbili husababisha mkanganyiko mkubwa hivyo?

Kwa sababu zina tabia zinazopingana. Valvu ya kufyonza, isipopewa umeme, hukaa imefungwa. Valvu ya hewa, isipopewa umeme, hukaa wazi katika magari mengi, na hufungwa tu kompyuta inapotaka kupima mfumo. Anayezipima bila kulijua hili huitupa valvu nzima na kuirudisha mbovu.

Jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike ni hili: kompyuta haioni tundu, inaona presha. Valvu ya hewa isiyofunga sawasawa, hata kama hakuna mpira wowote uliopasuka, kwa kompyuta ni uvujaji kamili. Kwa hiyo neno "uvujaji" kwenye skana halimaanishi kwamba lazima kuna kitu kilichotoboka.

Je, magari ya dizeli yana mfumo huu?

Hayana. Dizeli huvukiza kidogo mno katika joto la kawaida, hivyo mkebe wa mkaa hauhitajiki.

## Taa na misimbo

Gari linajuaje kwamba kuna uvujaji?

Njia ya kawaida ni kufunga valvu ya hewa, kufungua valvu ya kufyonza ili injini ivute hewa kutoka kwenye tangi na kutengeneza ombwe dogo, kisha kufunga kila kitu na kuangalia kama ombwe hilo linadumu. Likipungua upesi, kompyuta huhesabu kwamba kuna mahali hewa inapoingilia. Magari mengine husubiri injini izimwe na kutumia mabadiliko ya presha yanayotokea tangi linapopoa. Mengine yana pampu yao ndogo. Baadhi ya magari ya Toyota, kwa mfano, huendesha kipimo hicho baada ya muda wa kama saa tano tangu gari lizimwe, na mtu akisikia mngurumo hafifu upande wa nyuma wa gari usiku asidhani kuna hitilafu.

Kipimo hakifanyiki wakati wowote. Mara nyingi tangi linatakiwa liwe na mafuta kati ya asilimia 15 na 85, injini iwe imepoa vizuri kabla ya kuwashwa, na joto la hewa lisiwe kali wala baridi kupita kiasi. Anayetembea siku zote na mafuta ya kugusia tu chini ya tangi anaweza kukaa miezi bila kipimo kukamilika.

Misimbo ya skana ya P0455, P0442, P0456 na P0457 inatofautianaje?

P0455 ni uvujaji mkubwa: kifuniko kilichosahauliwa, bomba lililochomoka, au valvu ya hewa iliyokwama wazi. P0457 inaelekeza moja kwa moja kwenye kifuniko cha tangi kilicholegea au kisichokuwepo. P0442 ni uvujaji mdogo, wa kiasi cha tundu lenye kipenyo cha milimita 1. P0456 ni mdogo zaidi, wa kiasi cha nusu milimita.

Tofauti ya nusu milimita inaonekana si kitu, lakini eneo la tundu la nusu milimita ni robo tu ya eneo la tundu la milimita moja. Hii ndiyo sababu P0456 inaweza kumchosha hata fundi hodari, ilhali P0455, inayotisha kwa jina, mara nyingi hupatikana ndani ya dakika chache.

Na P0441, P0446 na P0496?

P0441 inasema mtiririko wa mvuke kwenda kwenye injini si sahihi. P0446 inahusu mzunguko wa umeme au utendaji wa valvu ya hewa, na P0496 inasema mvuke unafyonzwa wakati ambapo haukuagizwa ufyonzwe, dalili kubwa ya valvu ya kufyonza iliyokwama wazi. Zikitokea pamoja na msimbo wa uvujaji, zishughulikie hizi kwanza, kwa kuwa valvu mbovu inaweza kuwa ndiyo chanzo cha yote mawili.

Nimekikaza kifuniko vizuri. Mbona taa haijazima?

Kompyuta haiamini neno la mtu. Inasubiri kipimo chake chenyewe. Kwa kawaida taa huzima baada ya mizunguko mitatu mfululizo ya kuendesha ambamo kipimo kimefanyika na kufaulu. Kwa kuwa kipimo kina masharti yaliyoelezwa hapo juu, mizunguko hiyo mitatu inaweza kuchukua siku kadhaa. Kuifuta taa kwa skana kunaizima papo hapo, lakini kunafuta pia kumbukumbu ambazo fundi angezihitaji, kama kiwango cha mafuta na joto la injini wakati kosa liliporekodiwa. Ziandike kwanza kabla ya kufuta chochote.

Je, ni salama kuendelea kuendesha?

Kama ni mvuke tu unaovuja, gari halitazimika barabarani na matumizi ya mafuta hayatabadilika sana. Lakini kama unaona petroli yenyewe ikidondoka, au harufu yake inaingia ndani ya gari, usiendelee. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini na kutambaa, na unaweza kushika moto hata ukiwa asilimia 1.4 tu ya hewa iliyopo.

## Kutafuta penyewe

Nianzie wapi kabla ya kununua kifaa chochote?

Anza na kifuniko. Kitoe, kipeleke kwenye mwanga, uikunje raba yake taratibu kwa kidole gumba kuizunguka yote. Raba iliyozeeka huonekana nzima ikiwa imelala, lakini ukiikunja mipasuko midogo kama nyuzi za nywele hufunguka. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa shingo ya tangi ambapo raba hukalia: kutu, mchanga au mkwaruzo hapo unatosha kuleta P0456 hata kama kifuniko ni kipya. Angalia pia kama kifuniko ndicho cha gari hilo, kwa maana vingi hufanana na kukaza bila kuziba.

Baada ya hapo fungua boneti, ufuate bomba kutoka kwenye valvu ya kufyonza ukiligusa kila kiungo. Chini ya gari, angalia mkebe wa mkaa, hasa ukiwa umewekwa nyuma karibu na magurudumu ambapo mawe hurushwa. Uliza pia gari limefanyiwa nini karibuni. Kama pampu ya mafuta ilibadilishwa mwezi uliopita na taa ikawaka wiki mbili baadaye, oringi ya juu ya tangi ina kesi ya kujibu kabla ya kitu kingine chochote.

Nitapimaje valvu ya kufyonza?

Washa injini na uiache iungurume bila kukanyaga mafuta. Chomoa bomba linalotoka kwenye mkebe upande wa valvu, kisha uchomoe na waya wake ili isiweze kuagizwa ifunguke. Weka kidole kwenye mdomo wa valvu. Hupaswi kuhisi mvuto wowote. Ukihisi kidole kikivutwa, valvu haizibi na inafaa kubadilishwa. Rudisha kila kitu baada ya kipimo, kwa sababu waya uliosahauliwa utaleta msimbo mpya wa P0443.

Na valvu ya hewa?

Hii inahitaji skana inayoweza kutoa amri. Agiza ifungwe na usikilize mlio wake mfupi, lakini usitosheke na mlio: valvu inaweza kulia na bado isizibe kwa sababu ya vumbi au tope kwenye kiti chake. Ithibitishe kwa moshi, au kwa kuipulizia hewa taratibu kwa mdomo ikiwa imetolewa kwenye gari na kupewa umeme.

Mashine ya moshi hufanyaje kazi?

Mashine huchemsha mafuta ya madini hadi yawe moshi mzito mweupe, kisha huusukuma ndani ya mfumo kwa presha ndogo sana, takriban kilopaskali 3.5. Ili kupata picha, tairi la gari dogo huwa na kilopaskali 220 hivi, zaidi ya mara sitini ya hiyo. Moshi huingizwa kwenye bomba karibu na valvu ya kufyonza, au kwenye mdomo wa kupimia wenye kifuniko cha kijani uliopo katika magari mengi ya soko la Marekani.

Mpangilio wake ni muhimu. Kwanza uache moshi uingie huku valvu ya hewa ikiwa wazi, hadi uuone ukitoka kwenye mdomo wa hewa. Hapo umejua kwamba moshi umefika mwisho wa mfumo na hakuna bomba lililoziba njiani. Kisha iagize valvu ya hewa ifungwe. Moshi ukiendelea kutoka pale pale, uvujaji umeupata: ni valvu yenyewe. Ukikoma, angalia kipimo cha mtiririko kwenye mashine. Kikishuka hadi chini kabisa, mfumo umeziba vizuri kwa wakati huo. Kikibaki juu, kuna mahali moshi unatoka, na kazi iliyobaki ni kuzunguka na kurunzi.

Tochi yenye mwanga mkali, ikimulikwa kutoka ubavuni badala ya mbele, huonyesha moshi mwembamba ambao usingeuona. Zima feni na ufunge milango ya karakana kadiri usalama unavyoruhusu, kwa kuwa upepo kidogo tu hupeperusha ushahidi. Uwe na subira pia: tangi lenye nafasi kubwa tupu huhitaji dakika kadhaa kujaa.

Gari moja nililolishughulikia lilikuwa limeshabadilishiwa kifuniko, valvu ya kufyonza na mkebe wa mkaa, na P0442 ilikuwa ikirudi kila baada ya siku chache. Moshi ulipojaa, uzi mmoja mwembamba ulichomoza juu ya tangi, mahali ambapo bomba la mpira lilikuwa likisagana na bano la chuma. Tundu halikuonekana kabisa mpaka bomba lilipokunjwa. Sehemu tatu nzima zilikuwa zimetupwa kwa ajili ya bomba fupi kuliko kiganja cha mkono, na mwenye gari ndiye aliyezilipia zote. Kisa kama hiki hunisikitisha kila mara, kwa sababu kipimo kimoja kabla ya ununuzi wa kwanza kingetosha.

Naweza kutumia hewa ya kompresa ya karakana badala ya mashine?

Hapana. Presha ya kompresa inaweza kupasua mkebe, kuharibu sensa ya presha au kuvimbisha tangi la plastiki, na hivyo kuongeza uvujaji badala ya kuufichua. Kuna hatari nyingine kubwa zaidi: ndani ya tangi mara nyingi mvuke ni mwingi mno kuweza kuwaka, lakini ukiuongezea hewa unausogeza kuelekea kwenye mchanganyiko unaowaka. Mashine nzuri huweza kuunganishwa na nitrojeni kwa sababu hiyo hiyo. Vifaa vya kujitengenezea, vyenye waya unaowaka ndani ya chupa, visikaribie tangi la petroli kamwe.

Je, uvujaji unaweza kupatikana bila mashine ya moshi?

Mara nyingine, ndiyo. Ukiwa na skana inayoonyesha presha ya tangi, fungua kifuniko kwanza na uhakikishe kwamba sensa inasoma sifuri au karibu nayo; ikisoma tofauti, sensa ndiyo inayodanganya. Funga kifuniko, agiza valvu ya hewa ifungwe, washa injini na uagize valvu ya kufyonza ifunguke hadi ombwe litokee, kisha uifunge. Ombwe likidumu, mfumo umeziba. Likianguka, bana mabomba ya mpira kimoja baada ya kingine kwa koleo laini lisilokata: ukibana mahali fulani na ombwe likadumu, uvujaji uko upande ule uliouzuia. Usiliache ombwe likue kupita kiasi, maana tangi linaweza kubonyea.

Maji ya sabuni husaidia kwenye viungo vinavyoonekana, wakati mfumo una presha ndogo ya ndani. Kwa P0456, hata hivyo, mapovu huwa madogo sana na subira hupungua kabla hayajaonekana.

## Hali zisizo za kawaida

Moshi hautokei popote, lakini msimbo unarudi. Kwa nini?

Uvujaji mwingine hutokea tu katika hali fulani. Raba ngumu huziba gari likiwa na joto na kuvuja asubuhi likiwa limepoa. Mpasuko ulio juu ya tangi unaweza kufunikwa na petroli tangi likijaa, kwa hiyo pima likiwa kati ya robo na nusu. Valvu ya hewa inaweza kuziba mara tisa na kukataa ya kumi, hivyo iagize ifungwe na kufunguka mara nyingi huku moshi ukiendelea. Rudi pia kwenye kumbukumbu ulizoandika kabla ya kufuta msimbo, ukapime katika joto na kiwango cha mafuta kile kile. Uvujaji unaojificha hutafutwa katika mazingira yaliyouzaa.

Gari huwaka kwa shida kila ninapojaza mafuta. Je, linahusiana?

Linahusiana sana. Wakati wa kujaza, mvuke mwingi husukumwa kuelekea kwenye mkebe. Valvu ya kufyonza ikiwa imekwama wazi, mvuke huo huenda moja kwa moja kwenye injini na kuilewesha kwa mafuta. Ipime kama ilivyoelezwa katika swali la valvu ya kufyonza.

Kuna ubaya gani kuongeza mafuta kidogo baada ya bomba la kituo kukata?

Nafasi inayobaki juu ya tangi ni ya mvuke. Ukiijaza, petroli ya maji huingia kwenye mkebe na kuulowesha mkaa, ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Mkaa ukisagika, punje zake husafiri hadi kwenye valvu na kuzizuia zisizibe, na hapo ukibadilisha valvu bila kubadilisha mkebe, mpya nayo itaharibika. Chembe nyeusi ndani ya valvu uliyoitoa ndiyo alama ya kuitafuta.

Je, ni kweli wadudu wanaweza kuziba mfumo?

Ni kweli. Mwaka 2011 Mazda iliyaita magari ya Mazda6 nchini Marekani kwa sababu buibui walikuwa wakijenga utando ndani ya bomba la hewa la mkebe. Bomba likiziba, tangi haliwezi kuvuta hewa mafuta yanapopungua, na ombwe linaweza kulipasua. Kama pampu ya kituo hukata kila sekunde chache unapojaza, kagua bomba hilo kabla ya jingine lolote.

Nasikia harufu ya petroli lakini taa haijawaka.

Huenda kipimo hakijakamilika, au harufu inatoka mahali mfumo huu haupimi, kama vile bomba la petroli la upande wa injini. Iamini pua yako na ukague gari likiwa limezimwa na kupoa.

Magari yenye turbo na yale ya umeme na petroli yana tofauti gani?

Injini ya turbo haina ombwe kwenye manifoldi inapokuwa na nguvu, hivyo huwa na njia ya pili ya kufyonza mvuke pamoja na valvu zinazopitisha kuelekea upande mmoja tu, ambazo nazo huchakaa na zinapaswa kupimwa. Magari ya mseto yanayochajiwa kwa waya hukaa muda mrefu bila kuwasha injini, kwa hiyo mengi yana tangi linalofungwa kwa presha. Tumia kitufe cha kufungulia tangi na usubiri presha ishuke kabla ya kugusa kifuniko au kuchomoa bomba lolote.

Baada ya kutengeneza, nitahakikishaje kwamba imepona?

Rudia kipimo cha moshi au cha ombwe pale pale karakanani, ukitumia mabomba yaliyotengenezwa kwa ajili ya mvuke wa petroli, kwa kuwa mpira wa kawaida wa maji huvimba na kulainika. Kisha futa msimbo, acha tangi likiwa nusu, na uendeshe gari kwa siku kadhaa huku likipata usiku mzima wa kupoa. Skana itaonyesha kama kipimo cha mfumo wa mvuke kimekamilika. Mpaka kikamilike, taa iliyozima haijathibitisha chochote.